Matango ya Wajerumani na Mila Isiyouzwa Dukani

Watu wengi wakisikia neno utamaduni, fikira zao hukimbilia ngoma, mavazi ya zamani na vyombo vilivyotundikwa katika nyumba za makumbusho. Na neno hilo likitajwa pamoja na Wajerumani, hukimbilia mbali zaidi: kwa Beethoven na muziki wake, kwa Goethe na vitabu vyake, au kwa kanisa kuu la Köln ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1248 na kumalizika mwaka 1880. Hayo yote ni kweli, wala sina nia ya kuyapunguzia heshima. Lakini nashikilia kuwa mila ya watu haisimami kwa makanisa na vitabu peke yake. Husimama zaidi kwa mambo madogo yanayofanywa jikoni siku baada ya siku, bila ya kupigiwa tarumbeta. Ndiyo sababu leo nataka kuzungumza na wasomaji wangu juu ya bakuli moja la saladi ya matango.

Najua wapo watakaocheka. Watasema, mwandishi huyu amekosa la kuandika hata akaingia shambani kuchuma matango. Cheko hilo Wajerumani wenyewe walikwisha kulitilia jina. Kwao, katika miezi ya Julai na Agosti, Bunge huwa likizoni, wakubwa huwa wamekwenda kupumzika, na wenye magazeti hukosa habari nzito za kuandika. Majira hayo huitwa Sauregurkenzeit, yaani majira ya matango ya siki, kwa kuwa ndio wakati matango yanapovunwa. Neno hilo si la juzi. Limekuwako tangu karne ya 18. Basi msomaji asidhani kuwa nami nimeingia katika majira hayo. Jambo ninalolileta hapa ni zito kuliko linavyoonekana.

Saladi yenyewe huitwa Gurkensalat. Ni matango mabichi yaliyokatwa vipande vyembamba sana, yakatiwa chumvi, kisha yakakolezwa kwa siki, sukari kidogo, kitunguu, pilipili manga na majani ya shibiti. Wengine huongeza malai iliyochachuka, wengine mafuta. Basi. Hakuna siri kubwa zaidi ya hapo. Sisi tuliozoea kachumbari hatuwezi kuona ajabu yoyote, maana kazi yake mezani ni ile ile: kuburudisha kinywa wakati chakula kingine ni kizito na chenye mafuta. Wajerumani wana methali isemayo kuwa chenye uchachu huleta furaha, na mtu aliyekula nyama ya kukaanga mchana wa joto, kisha akaonja saladi hii iliyo baridi, ataikubali methali hiyo bila ya ubishi.

Lakini je, saladi hii ni ya Wajerumani kweli? Hapa ndipo wengi hupotea. Tango asili yake ni Bara Hindi, pande za chini ya milima ya Himalaya. Kutoka huko lilisafiri kuelekea magharibi kwa karne nyingi, likipita mikononi mwa watu mbalimbali. Wajerumani walilipokea jina lake, Gurke, kutoka kwa majirani zao wa mashariki wenye lugha za Kislavi. Wapolandi mpaka leo huliita ogórek. Jina hilo nalo Waslavi walilipata kwa Wagiriki, na maana yake ya mwanzo ni kitu kibichi, kisichoiva. Jambo hili lisitushangaze sisi tunaosema Kiswahili, kwa kuwa neno letu shule tumelichukua kwa Wajerumani hao hao, na hakuna mtoto anayelitamka asubuhi akidhani anasema lugha ya kigeni. Hata kachumbari yetu imekuja na jina lake kutoka Bara Hindi. Tango na kachumbari walitoka nyumba moja, mmoja akashika njia ya nchi kavu mpaka Berlin, mwingine akapanda jahazi mpaka Mombasa.

Kwa hivyo nawaomba wasomaji tuachane na ule mtindo wa kutafuta chakula ambacho hakikuchanganyika na cha mtu mwingine. Hatutakipata. Chakula huwa cha watu fulani kwa sababu mikono yao imekizoea, watoto wao wamekililia, na wazee wao wamekibishania. Mbegu inaweza kutoka popote. Mila ni ile kazi inayofanywa juu ya mbegu hiyo, na kazi hiyo hurithiwa kwa kutazama na kushiriki, haipatikani kwa kununua.

Mimi nilijifunza kuitengeneza saladi hii kwa mama mmoja mzee wa kaskazini ya Ujerumani, ambaye nilipanga chumba kwake. Hakuwa mwalimu wa mapishi wala hakuwa na kitabu jikoni. Alikuwa na kisu, bakuli la udongo, na kile kifaa cha kukatia ambacho Wajerumani hukiita Gurkenhobel. Neno Hobel kwao ni randa, ile ile ya fundi seremala. Na kwa hakika ukikitazama utaona ni randa iliyogeuzwa juu chini: ubao wenye wembe katikati, nawe badala ya kupitisha randa juu ya ubao, wapitisha tango juu ya randa. Vipande hutoka vyembamba kama karatasi. Asiye na randa hiyo atumie kisu kikali na subira.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana makala isiyomwezesha msomaji kufanya jambo lolote ni maneno matupu. Kwa watu wanne, chukua matango mawili marefu, yenye uzito wa karibu gramu 800 kwa pamoja. Yaoshe vizuri. Ukipenda, yamenye, kama ganda ni laini, waweza kuliacha au kulimenya kwa mistari. Mama yule alinifundisha kuanza kumenya kutoka upande ulikokuwa ua, kuelekea kwenye kikonyo, wala si kinyume chake. Sababu ni kuwa uchungu wa tango aghalabu hukaa karibu na kikonyo na chini ya ganda, na kisu kikianzia huko kinaweza kuutembeza kote. Matango yauzwayo siku hizi yamezalishwa yasiwe na uchungu, lakini yale ya bustanini bado yanaweza kuwa nao. Kata kipande kidogo uonje. Likiwa chungu kweli kweli, litupe lote, usijaribu kuuficha uchungu kwa sukari. Uchungu huo ni sumu ambayo mmea hujikingia nayo dhidi ya wadudu, na kuupika hakuuondoi.

Matango yakiwa yamekwisha kukatwa, yanyunyizie kijiko kimoja cha chai cha chumvi, uyachanganye, kisha uyaache kwa muda wa dakika 20 au 30. Tango ni maji matupu. Katika kila gramu 100, karibu gramu 95 ni maji. Chumvi huyavuta maji hayo yatoke nje. Ukirudi utakuta bakuli lina dimbwi, na vipande vilivyokuwa vikavu na vigumu vimelegea. Yamwage maji hayo, na uyakamue matango kwa mkono, lakini kwa upole, kama mtu anayekamua nguo ya hariri. Usipofanya hivyo, maji yatatoka baadaye mezani, na saladi yako itageuka kuwa supu baridi.

Katika bakuli jingine changanya malai iliyochachuka gramu 150, siki vijiko viwili vya mezani, sukari kijiko kimoja cha chai, pilipili manga, na kitunguu kidogo kilichokatwakatwa sana. Malai hiyo si mbali na mtindi mzito usio na maji, na asiyeipata aweza kuutumia mtindi huo. Mwisho tia fungu moja la shibiti. Huu ni mmea wenye majani membamba kama nyuzi, yanayofanana na ya karoti au ya shamari, na harufu yake ndiyo hasa inayoitambulisha saladi ya kaskazini. Kisha uyaingize matango, uonje kama chumvi inatosha, na upeleke mezani mara moja. Saladi hii haipendi kungojeshwa.

Nimesema saladi ya kaskazini, na nimesema kwa makusudi. Kule Bavaria na Swabia, kusini, mambo ni mengine. Huko malai huachwa, na badala yake hutiwa siki vijiko vitatu na mafuta vijiko viwili au vitatu, pamoja na sukari kidogo. Tena kuna wanaoyachanganya matango hayo na saladi ya viazi, viazi vikanywa siki na matango yakavilainisha. Siku moja wifi yake yule mama alikuja kutoka Bavaria, nami nikashuhudia mashindano yaliyoanza kwa mzaha.

“Wifi yangu,” alisema mgeni akilitazama bakuli lenye malai, “haya matango umeyavika shuka?”

“Na ya kwenu, wifi,” alijibu mwenyeji, “hayana hata kanga. Yanaogelea uchi kama bata.”

Yalitengenezwa mabakuli mawili, na yote mawili yakamalizika. Wala ubishi wao haukuwa juu ya malai tu. Walibishana pia kama matango yakamuliwe au yasikamuliwe, maana wapo Wajerumani wanaoamini kuwa kukamua huyafanya yawe magumu na kuyaondolea kilicho bora ndani yake. Mimi nilisikiliza nikafurahi. Mahali watu wanapobishana namna hiyo juu ya chakula, jua kwamba chakula hicho kingali hai. Siku watakapoacha kubishana ndiyo siku ya kuhofia.

Na chakula hiki kimepita katika mitihani mikubwa. Nitaitaja minne, ili msomaji aone jinsi kitu kidogo kinavyoweza kuwa na nguvu.

Mtihani wa kwanza ulikuwa njaa. Wajerumani wa mijini wana desturi ya kukodi vijishamba vidogo kando ya mji, vinavyoitwa Schrebergarten kwa jina la daktari Moritz Schreber wa mji wa Leipzig, aliyefariki mwaka 1861. Sheria yao ya mwaka 1983 inaeleza kuwa kijishamba kimoja kisizidi mita za mraba 400. Leo mtu akivipita kwa gari la moshi aweza kudhani ni mahali pa starehe tu, kwa vile vibanda na maua yake. Lakini baada ya vita vilivyomalizika mwaka 1945, wakati miji ilipokuwa magofu na baridi kali ya mwaka 1946 na 1947 ikaua watu kwa njaa, ardhi ndogo kama hiyo ndiyo iliyokuwa ghala. Hata bustani kubwa ya Tiergarten iliyo katikati ya Berlin ilikatwa miti kwa ajili ya kuni na kugeuzwa mashamba ya viazi na mboga. Watu waliokuwa hawana nyama wala siagi walikuwa bado na haja ya kitu kibichi cha kuwakumbusha kuwa wao ni watu wa mezani.

Mtihani wa pili ulikuwa sheria. Mwaka 1988, Jumuiya ya Ulaya ilitoa kanuni nambari 1677 iliyoeleza namna tango linavyopaswa kuwa. Tango la daraja la juu halikuruhusiwa kupinda zaidi ya milimita 10 katika kila sentimita 10 za urefu wake. Watu waliicheka sana kanuni hiyo, ingawa wafanyabiashara waliipenda, maana matango yaliyonyooka hupangika vizuri katika sanduku na huhesabika kwa haraka. Ilifutwa kuanzia tarehe 1 Julai 1989? La, haikufutwa upesi hivyo. Ilidumu zaidi ya miaka 20, mpaka tarehe 1 Julai 2009. Katika muda huo wote, tango lililopinda bustanini kwa bibi liliendelea kupita juu ya randa kama kawaida. Na likishakatwa vipande, ni nani awezaye kujua kama lilikuwa limepinda?

Mtihani wa tatu ulikuwa soko. Kusini-mashariki ya Berlin kuna nchi ya mito midogo na vijiji inayoitwa Spreewald, mahali wanapoishi pia Wasorbi, watu wachache wenye lugha yao ya Kislavi, na ambapo majina ya miji huandikwa kwa lugha mbili. Matango ya huko yanayotiwa siki na shibiti yamejulikana kwa vizazi vingi. Hayo ni ndugu wa saladi yetu: tango lile lile, siki ile ile, shibiti ile ile, ila moja huliwa leo na jingine huwekwa mpaka majira ya baridi. Spreewald ilikuwa katika Ujerumani Mashariki. Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa mwaka 1989, na nchi mbili zikaungana tarehe 3 Oktoba 1990, bidhaa za Magharibi zilijaa katika maduka ya Mashariki na zile za zamani zikatoweka karibu mara moja. Filamu iitwayo Good Bye, Lenin!, iliyotoka mwaka 2003, inaonyesha kijana anayehangaika kutafuta matango ya Spreewald kwa ajili ya mama yake mgonjwa, ambaye hapaswi kujua kuwa nchi yake imekwisha. Watu walicheka, lakini wengi walielewa kilichokuwa kikisemwa. Matango hayo yalirudi, na tangu mwaka 1999 jina lake linalindwa na sheria ya Ulaya, hata mtu wa mahali pengine hawezi kulitumia atakavyo.

Mtihani wa nne ulikuwa hofu, nao ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Mwezi wa Mei 2011 ugonjwa mkali wa tumbo ulizuka kaskazini ya Ujerumani. Tarehe 26 Mei wakuu wa afya wa Hamburg walitangaza kuwa vijidudu vya hatari vimeonekana katika matango kutoka Hispania. Watu waliambiwa wasile matango, nyanya wala majani ya saladi mabichi. Wakulima wa Hispania waliokuwa hawana kosa walitupa mavuno yao, na tani kwa tani zikaoza. Baadaye vipimo vilionyesha kuwa vijidudu vilivyokutwa katika matango yale havikuwa vile vilivyokuwa vikiua. Tarehe 10 Juni ilitangazwa kuwa ugonjwa ulitokana na mbegu zilizochipuzwa za kuliwa mbichi, kutoka shamba moja katika jimbo la Niedersachsen. Na uchunguzi ukaendelea mpaka kwenye mbegu za uwatu zilizotoka nje. Karibu watu 4,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 50 wakafa. Umoja wa Ulaya ulibidi utoe zaidi ya Yuro milioni 200 kuwafidia wakulima. Hiyo ndiyo gharama ya kumtuhumu asiyehusika.

Fikiria basi, msomaji, nyumba ya Kijerumani katika majuma yale. Bakuli ambalo vizazi vitatu vilikuwa vikila bila ya wasiwasi lilikuwa limegeuka kuwa kitu cha kuogopwa. Lakini tangazo lilipofutwa, matango yalirudi mezani. Yalirudi kwa sababu watu walikuwa wakiyajua. Mtu haachi kwa urahisi kitu alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe tangu utotoni.

Njaa, sheria, soko, na hofu: yote yamepita, na saladi ingalipo. Ni kitu gani basi kinachonitia wasiwasi? Ni kijipakiti kidogo cha karatasi.

Ukiingia katika duka lolote kubwa la Ujerumani leo utakuta vijipakiti vya unga wa saladi. Ndani mna chumvi, sukari, majani makavu ya shibiti, unga wa kitunguu na vitu vingine vya kuongeza ladha. Mtu atia maji na mafuta, akoroga, amwaga juu ya matango, na kazi imekwisha. Karibu navyo kuna chupa za mchuzi uliokwisha kutengenezwa, na katika majokofu kuna ndoo za plastiki zenye saladi ya matango tayari kuliwa. Nilipata kupewa saladi ya ndoo katika hoteli moja nzuri ya kaskazini. Matango yalikuwa yamelegea kama kitambaa kilichosahauliwa majini, na utamu wake ulikuwa wa namna moja tangu kijiko cha kwanza mpaka cha mwisho. Waliokuwa mezani waliila bila ya neno. Hakuna aliyebisha. Hapo ndipo nilipowakumbuka wale mawifi wawili.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kuwa wanawake wa siku hizi wana kazi maofisini na viwandani, na kwamba ni rahisi kwa mwanamume mwandishi kusifu mikono ya wanawake jikoni. Jibu hilo ni la haki, wala silikwepi. Lakini hakuna sheria iliyoandikwa kuwa randa ya matango ishikwe na mwanamke. Mwanamume aliyeweza kushika randa ya useremala ataweza kushika na hii, na mimi ninaishika. Watoto nao wanaweza kukata shibiti na kunyunyiza chumvi. Na hebu tuhesabu wakati: kukata ni dakika 5, kuchanganya ni dakika 5, na ile nusu saa iliyo katikati ni ya chumvi, si ya mtu. Katika nusu saa hiyo viazi vitachemka na samaki atakaangwa. Kijipakiti kinaokoa dakika chache tu, na badala yake kinachukua ujuzi wote.

Tena kuna jambo la pili ambalo kijipakiti hulificha, nalo ni watu. Tango halijichumi. Katika Spreewald na katika Bavaria ya Chini, wakati wa mavuno ya matango ya siki, huonekana mtambo wa ajabu shambani: trekta lenye mabawa mawili marefu, na juu ya mabawa hayo watu wamelala kifudifudi, safu nzima, mikono ikining'inia chini kuchuma matango huku trekta likienda polepole. Wajerumani huuita Gurkenflieger, yaani ndege ya matango. Wengi wa wanaolala hapo kwa saa nyingi, katika jua na mvua, ni wafanya kazi wa msimu kutoka Polandi na Romania. Waslavi ndio waliowapa Wajerumani jina la tango, na watu wa mashariki ndio wanaotoa migongo yao mpaka leo. Mtu anayeliosha tango mwenyewe, akalimenya na kulionja, anaweza angalau kuwakumbuka. Anayefungua ndoo hana la kumkumbusha.

Huko ni Ujerumani. Lakini gazeti hili linasomwa Nairobi, Mombasa na Kisumu, na itakuwa ni unafiki kuwanyoshea kidole Wajerumani bila ya kujitazama. Sisi nasi tuna kachumbari. Kila nyumba ina yake: huyu atia ndimu, yule siki, huyu huosha vitunguu kwa chumvi ili kuondoa ukali, yule husema kufanya hivyo ni kuviua, huyu hawezi bila ya dhania, yule aona dhania ni ya wenye makuu. Ubishi huo ni mali. Nao utadumu maadamu kuna kijana nyumbani anayeitwa kukata vitunguu huku akilia machozi, na mzee anayesimama nyuma yake akimwambia, “Vyembamba zaidi, mwanangu.” Tukishaanza kuridhika na kile kinachotoka katika chupa ya dukani, kilicho sawa kwa kila mtu, tutakuwa na chakula lakini hatutakuwa na la kubishania.

Sisemi kwamba kila kitu cha dukani ni kibaya. Siki yenyewe ni ya dukani, na sukari pia. Wala sisemi watu warudi kusaga kila kitu kwa jiwe. Nasema hivi: katika kila nyumba na vibaki vyakula vichache ambavyo haviguswi na kiwanda, vinavyotengenezwa mwanzo mpaka mwisho na watu wa nyumba hiyo, na watoto wakavijua kabla ya kuondoka. Si lazima viwe vya gharama wala vya sikukuu. Saladi ya matango ya Wajerumani ni mfano mzuri kwa sababu ni kitu duni kabisa, cha maji na chumvi, nacho kimeshinda vita, kanuni na uvumi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nao hawakuwa wakisema juu ya mikeka tu.

Basi msomaji, ukipata matango mawili juma hili, yajaribu kwa namna niliyoieleza. Ukikosa shibiti, tumia kilichopo. Ukiona malai imezidi, punguza. Ukiona siki imepungua, ongeza. Na ikiwa mtu wa nyumbani kwako atasema kuwa umekosea, usikasirike. Mpe kijiko, na umwambie naye atengeneze bakuli lake.